Kwa Nini Iodini Hakai Safu ya Salfa

Tulieni nyie wa huko nyuma, la sivyo naondoka zangu. Hapo kale dunia ilipokuwa bado ya moto, elementi walikuwa na maumbo ya watu, na kila mmoja alikaa popote alipopenda. Ugomvi ulipozidi, iliamuliwa wapangwe kwa safu, kila ukoo na safu yake, na ukishakalishwa hapo, kazi ya safu hiyo ndiyo yako milele. Mpangaji alikuwa Mzee Kipimo, mwenye mizani kubwa na kichwa kigumu. Mwepesi alitangulia, mzito akafuata kwenye safu ya jirani, basi.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka zamu ya Iodini. Ndugu zake ni Florini, Klorini na Bromini, ukoo unaoshikana na Sodiamu kutengeneza chumvi. Lakini Telluri, mtu wa ukoo wa Salfa, alimzidi uzito kidogo. Kwa hiyo Iodini aliitwa kwanza, akasukumwa kwenye safu ya Salfa, na Telluri akapelekwa kwa watu wa chumvi, kazi asiyoijua hata kidogo.

Iodini alichemka. Kule ng'ambo alimwona Bromini analia, na hapa harufu ya Salfa ilimkaba koo.

"Mzee, mimi si wa huku!"

"Mizani haisemi uongo, binti. Kaa."

"Mizani yako inaona kilo, haimwoni mtu!"

Akajipasua kifua mbele ya wote. Ndani ya kiini chake zilionekana protoni, zile zenye chaji chanya, hamsini na tatu. Telluri naye alikuwa amechoshwa na ugeni, akafungua kifua chake: hamsini na mbili, moja pungufu, kwa hiyo yeye ndiye wa kutangulia. Uzito wake wa ziada ulikuwa wa nyutroni tu, hazina chaji yoyote, zimejazana humo kama wageni wa harusi.

Mnadhani mzee aliomba radhi? Thubutu! Alichomoa koleo.

"Basi nikutoe protoni moja," alisema. "Zikibaki hamsini na mbili, kiti hicho kitakufaa, na mizani yangu itabaki sahihi."

Iodini alimsogezea kifua kile kilichopasuka. Yaani mtu akosee, halafu akukate wewe ili kosa lake lipendeze!

"Itoe!" alipiga kelele. "Itoe uone! Ukiitoa nimekuwa Telluri. Mtakuwa na Telluri wawili, na Iodini hayupo tena. Ndugu zangu utawaambia nini?"

Koleo lilikuwa limeshagusa kiini Telluri alipomdaka mzee mkono. "Mwache, Mzee. Telluri mmoja anatosha."

Mzee Kipimo alitazama huku na huku, hakuona wa kumtetea. Akarudisha koleo, wawili wale wakabadilishana viti, na Iodini akaenda kwa ndugu zake bila kuaga.

Na tangu siku hiyo elementi hupangwa kwa hesabu ya protoni zao, nayo ndiyo namba atomia. Mwongeze mtu nyutroni, amenenepa tu, bado ni yuleyule. Mpunguze protoni moja, umemfuta na kuleta mwingine. Telluri ni mzito kuliko Iodini hata sasa, lakini hutangulia.

Lakini Iodini hajasahau. Mpashe moto kidogo tu, uone anavyofuka moshi wa zambarau. Na ana haki, maana mpaka leo hakuna aliyemwomba radhi.