Ndoano ya Pijo

Mzee Mbelwa aliileta Pijo yake, gari kuukuu, kwa Siwema, fundi wa kuchomelea aliyepanga uwanjani kwake.

"Itilie ndoano ya kuvutia tela. Bure, la sivyo hama."

Siwema alichomelea, akafunga tela. "Ndoano ya kienyeji hupimwa kwa mzigo, mzee. Pandisha yale matofali yangu ya tanurini hadi kileleni mwa kilima, uyashushe huko, urudi."

Mzee alipandisha. Aliporudi, Siwema aligonga ndoano kwa nyundo, akatega sikio.

"Bado inalia."

Mzee akapandisha tena na tena, mpaka tanuri likabaki majivu.

"Sasa imenyamaza," Siwema alisema, akipakia vifaa vyake kwenye tela.

"Na hivyo vifaa vya nini?" mzee aliuliza.

"Nahama, mzee. Kiwanja ninacho huko juu siku nyingi. Nilikosa tu wa kunipandishia matofali."