Vigoda Vilivyorudi kwa Bibi Mghoi

Paukwa!

Pakawa!

Nimesema paukwa! Mmekula mkashiba, sauti mmeziacha kwenye sufuria?

Pakawa!

Haya, sasa nasikia watu. Na nyie wanaume mnaojivuta pole pole kuelekea mlangoni, nawaona. Eti hii ni hadithi ya wanawake. Rudini mkae. Mlizaliwa na nani, na miti?

Hapo kale, kale ile ambayo barabara ilikuwa haijafikiria kupanda mlimani, palikuwa na kijiji huko juu. Kwenda ni kuteleza, kurudi ni kukwea. Asubuhi ukungu, jioni ukungu. Mgonjwa alishushwa bondeni kwa machela. Akifika, kafika. Asipofika, anarudishwa akazikwe.

Katika kijiji hicho aliishi Bibi Mghoi, mwenye ngoma. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Ngoma yake aliirithi kwa mama yake, na ilikuwa na kazi moja tu. Sikilizeni vizuri kazi yenyewe.

Mwanamke wa kijiji kile akizeeka, hedhi ikakoma, ikapita miaka, halafu ghafla akaona damu tena, unadhani walisemaje? Walishtuka? Thubutu! Walipiga vigelegele. Aririririii! Ujana umerudi! Fulani kapewa ujana wa pili! Basi huchongewa kigoda kipya, huvishwa nguo nyekundu, hupakwa samli kwenye paji la uso, huketishwa katikati ya uwanja. Bibi Mghoi hushika ngoma. Ndi! Ndi! Ndi-ndi-ndi! Wanawake huzunguka wakiimba, na tangu siku hiyo mwenye kigoda hupakuliwa wa kwanza kila penye sherehe.

Iliyowaletea damu hiyo leo tunaiita saratani ya mlango wa kizazi. Wakati ule haikuwa na jina. Ilikuwa na ngoma.

Na desturi ilikuwa na mkia wake. Mwenye kigoda akifa, kigoda chake hurudishwa kwa mwenye ngoma. Bibi Mghoi alikipokea, akakifuta vumbi, akakipandisha darini. Watu walisema, "Ujana wa pili ni mtamu lakini ni mfupi." Walisema, "Mizimu imempenda." Wanalia, wanazika, wanarudi kupalilia mahindi.

Sasa Bibi Mghoi alikuwa na mdogo wake, tumbo moja, jina lake Wawuda. Wawuda hakujaliwa mtoto. Mnajua wenyewe midomo yetu ilivyo. Maisha yake yote alipakuliwa wa mwisho, akasukumwa pembeni, akaitwa majina. Alikuwa anacheka tu. Lakini kila ngoma ya ujana ilipolia, dada yake alimwona akiangalia kile kigoda, na alijua anachowaza.

Asubuhi moja, Wawuda huyo, mbio, hodi hakupiga.

"Dada! Dada Mghoi! Nimeona damu!"

Bibi Mghoi alikuwa anapepeta mahindi. Ungo ukasimama.

"Lini?"

"Tangu juzi. Dada, na mimi nimekumbukwa! Na mimi nitaketi! Shusha ngoma, shusha ngoma!"

Akawa anacheza pale pale jikoni, mtu mzima, anajigonga kwenye mafiga. Bibi Mghoi akamtazama. Akaona shingo iliyokonda. Akaona mkono mmoja umeshika kiuno wakati mwingine unapiga makofi. Akapanda darini kuchukua ngoma.

Huko juu akajikwaa. Kigoda. Akasogeza, akagonga kingine. Akasogeza, kingine. Dari lilikuwa limejaa vigoda, akakosa pa kuweka mguu. Bibi Mghoi akakaa chini gizani katikati ya vigoda vile. Akajiuliza: wenyewe wako wapi?

Alishuka mikono mitupu.

"Sigongi," akasema.

"Nini?"

"Wawuda, mdogo wangu, ngoma hii sikugongei."

Wawuda aliacha kucheza. Uso ulimporomoka. "Umewagongea wote," alisema. "Wote, dada. Mimi tu ndiye unayeninyima. Hata wewe?"

Akaondoka analia njia nzima. Na kijiji kikasikia, maana kijiji kina masikio. Bibi Mghoi ana wivu! Bibi Mghoi kamwonea mdogo wake mwenyewe! Mwanamke mmoja mwenye mikono myepesi akasema yeye atagonga. Wakaja mchana kweupe kuichukua ngoma, vigelegele njiani, aririririii! Wawuda mbele na nguo nyekundu, samli inamtiririka usoni, kigoda kipya kwapani.

Walimkuta Bibi Mghoi uwanjani na ngoma miguuni. Mkononi ana kisu cha kumenyea ndizi.

"Tupe ngoma, bibi."

"Ngoma mnaitaka?"

"Tunaitaka."

Akainama. Kraaa! Akaichana ngozi toka ukingo hadi ukingo.

Mama yangu! Kijiji kizima kiliganda. Halafu kelele zikaanza. Wengine walitaka wampige. Akaitwa Mzee Mwadime, mkubwa wa kijiji, akaja ameinua fimbo yake.

"Mghoi, ngoma ya mababu! Una wazimu?"

"Mzee, nihukumu. Lakini kwanza nisaidie kutoa wageni wangu ndani."

Akamwita Saru, mke wa mwanawe, mwanamke kijana mwenye nguvu, mama wa watoto wadogo. Saru akapanda darini, akawa anashusha, bibi anapanga uwanjani. Kigoda. Kigoda. Kigoda. Vikazunguka uwanja mzima. Watu wakaanza kurudi nyuma kuvipisha.

Bibi Mghoi akasimama mbele ya cha kwanza. Akaita.

"Mshai!"

Mnajibuje, wasikilizaji? Nani aliitika?

Kimya!

"Mkamburi!"

Kimya!

"Malemba, mama yake Mwadime!"

Kimya! Mzee Mwadime mwenyewe akashusha fimbo.

Aliita wote, kigoda kwa kigoda, mpaka sauti ikamkauka. Kisha akasema, "Hawa nimewagongea mimi kwa mikono hii. Nimewaosha maiti kwa mikono hii hii. Nionyesheni mmoja aliye hai aje aketi, nami nitamgongea mdogo wangu ngoma mpaka vidole vikatike."

Hakuna aliyesogea. Wawuda aliangalia vigoda, akaangalia chake. Polepole akakiweka chini, hakukikalia.

"Dada," akasema, sauti ndogo. "Nitakufa?"

"Sijui. Ila sitacheza na wewe hapa nikingoja kujua."

Sasa kuna jambo sijawaambia. Kiangazi kilichopita, alikuwa amepanda kijijini mkunga mmoja wa bondeni, jina lake Zighe. Alisimama penye kisima akawaambia wanawake: "Shukeni niwatazame mlango wa kizazi. Shukeni mkiwa wazima." Walimcheka hadi wakamwaga maji. Mzima akatazamwe nini? Akashuka peke yake. Ndiye aliyemjia Bibi Mghoi akilini siku ile.

"Machela," akasema. "Sasa hivi, mvua haijafika."

Mvua ilifika. Wamekwisha kuacha mashamba ya juu, ikanyesha ya kumwaga. Mzee Mwadime ameshika mpini wa mbele, na mwanawe Bibi Mghoi wa nyuma. Saru anakwenda ubavuni amemshika Wawuda asianguke. Chubwi, chubwi, miguu kwenye tope. Nguo nyekundu ilikuwa ikizidi kulowa, na si mvua peke yake.

"Saru," Wawuda akanong'ona, "usimwambie dada."

"Mama, bibi anaona."

Mtoni, maji yamefika kiunoni. Wakasimama. Mwadime akasema tungoje yapungue. Bibi Mghoi aliingia. Mfupi vile! Maji yalimfika kifuani, akashika jiwe, akageuka na kupiga kelele, "Mnaoshuka na mgonjwa ni nyinyi au ni mimi?" Wakaingia wote. Machela juu ya vichwa, maji yanavuta, mguu unatafuta jiwe, unakosa, unapata. Wakavuka.

Zighe mkunga aliwapokea mlangoni. Hakusema niliwaambia. Mtu mwingine angesema, mimi hapa ningesema. Alimlaza Wawuda nyuma ya pazia, akamtazama kwa taa. Akakaa kitambo. Alipotoka, Bibi Mghoi alimsoma usoni kabla hajafungua kinywa.

"Si kila damu ya namna hii ni ugonjwa huu," Zighe akasema. "Wengine nimewatazama nikawarudisha nyumbani na dawa ndogo. Lakini yeye ndio huu, na umekwenda mbali. Nitamtuliza maumivu. Kuutoa siwezi, na sijui wa kuuweza."

Bibi Mghoi alikaa chini kwenye sakafu. Hakulia. Alishika tu kichwa kwa mikono ile mikubwa.

"Ulianza lini?" akauliza.

"Miaka mingi. Unaanza kimya. Hauumi, hautoi damu, mwanamke analima na kucheka. Wakati huo ungekuwa doa tu, nami ningelitoa." Zighe akainua macho, akamwona Saru amesimama pale, anakamua maji kwenye kanga. "Na wewe, binti, umefika mpaka hapa. Njoo nikutazame."

"Mimi?" Saru akacheka kidogo, akarudi nyuma. "Mimi mzima. Nimebeba mtu mlima mzima."

"Ndiyo maana nakuita."

"Aa-a. Naona aibu. Mume wangu yuko nje. Siku nyingine nitakuja."

Bibi Mghoi alifungua kinywa, lakini sauti ilitoka nyuma ya pazia.

"Saru."

"Abee, mama."

"Siku nyingine ni ipi? Utashuka na nani akushike?" Wawuda alikuwa anahema kwa taabu. "Mimi nilikuwa mzima kama wewe. Lala, mwanangu. Lala utazamwe."

Saru akatazama pazia. Akatazama mlango. Saru akavua kanga iliyolowa, akaingia.

Zighe alipaka siki kwenye mlango wa kizazi kwa pamba, akangoja kidogo, akaleta taa. Palipo pazuri hapabadiliki. Palipoanza kuharibika hugeuka peupe. Akatazama. Akaita, "Bibi, njoo uone."

Peupe. Doa dogo, dogo kuliko ukucha.

Saru alishika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. "Watoto wangu," akasema. Neno hilo tu, watoto wangu, watoto wangu. Zighe akamshika goti. "Tulia. Hili bado doa." Akaleta kichuma chake chenye moto, akaligusa. Saru akauma meno, tumbo likamkaza kama siku za mwezi, likaachia. Basi. Muda wa kuchemsha uji haukuisha. Akaambiwa arudi baada ya mwaka atazamwe tena, akaenda nje kwa miguu yake kumwangukia mumewe kifuani.

Na Wawuda aliona yote hayo kutoka kitanda cha pili.

Walimpandisha nyumbani mvua ilipokatika, na Zighe akampa dawa ya kutuliza. Alikaa duniani hadi mahindi yalipokomaa. Siku moja akamwita dada yake karibu.

"Una deni la ngoma yangu, dada."

"Ninalo." Bibi Mghoi alikuwa analia sasa, waziwazi, machozi mpaka kidevuni. "Nisamehe. Niliichana."

"Weka ngozi mpya. Mgongee Saru. Mgongee anayeshuka mzima akarudi mzima."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yenye maana, mengine yalikuwa maumivu.

Bibi Mghoi aliweka ngozi mpya. Baada ya maziko akasimama penye kisima, pale pale walipomcheka Zighe, akagonga. Ndi! Ndi! Ndi-ndi-ndi! "Anayetaka ngoma yangu ashuke bondeni akatazamwe. Akirudi, aje achague kigoda." Siku ya kwanza alishuka Saru akisindikiza majirani wawili wanaobishana njia nzima. Wakarudi, wakaketi, wakapigiwa vigelegele, wakapakuliwa wa kwanza. Mnafikiri waliobaki walivumilia? Wanawake tunaopenda kupakuliwa! Wakashuka. Na wanaume wakatengeneza njia, Mwadime akiwa mbele na jembe, wakalaza magogo mtoni.

Miaka ikaenda. Bibi Mghoi akawa kipofu, mdogo kama mtoto. Siku moja akasema, "Nipelekeni uwanjani. Nataka kuita."

Wakamweka. Akaita vile alivyoita siku ile, uso umeelekea kwenye vigoda asivyoviona.

"Saru!"

"Nipo, mama!" Na Saru alikuwa na mvi.

Akamwita mwenye kigoda cha pili. "Nipo!" Wa tatu. "Nipo, bibi!" Uwanja mzima, nipo, nipo, nipo. Bibi Mghoi akawa anacheka na kulia mara moja. Mwishoni akanyoosha mkono akapapasa kigoda kilichobaki, kile ambacho hakikuwahi kukaliwa. Akaita kwa upole.

"Wawuda."

Kimya.

Basi akakikalia yeye mwenyewe.

Haya, wasikilizaji wangu, mnafuta macho sasa. Msifute, sikilizeni. Damu isiyo na siku yake haichezewi, inapelekwa. Na msingoje damu. Nendeni mkiwa wazima, mkiwa mnacheka, mkiwa na sababu zote za kusema siku nyingine. Wasichana wana sindano yao ya kukinga ugonjwa huu siku hizi, wapelekeni wangali wadogo. Na nyie wanaume wa mlangoni, machela mnajua kubeba; jifunzeni kusindikiza mtu anayetembea mwenyewe.

Hadithi yangu naitua hapa. Kesho asubuhi nashuka bondeni, na ninaanza kuita majina ya wa kushuka nami.

Wewe hapo, mama uliyejificha nyuma ya nguzo. Utaitika?