Aliyeunguza Pilau la Maimuna

Hapo zamani, na msidhani zamani ya majini, nasema zamani hii hii ya bando la wiki, palikuwa na harusi Ngamiani, Tanga. Bibi harusi aliitwa Maimuna, na kesho yake mume angempeleka kwao Mtwara.

Maimuna alikuwa chumbani, mikono imefungwa hina, haruhusiwi kutoka. Uani mashoga zake wawili, Hidaya na Mwajabu, walilinda sufuria la pilau, sufuria la kumuogeshea ndama. Mama yake, Bi Sikudhani, akapalia makaa juu ya kifuniko, akagawa kazi. Hidaya atoe moto wa chini wali ukikauka. Mwajabu anuse, akisikia harufu mbaya aite.

"Na kifuniko hakifunuliwi mpaka nirudi," akasema. "Atakayekifunua, nitamfunua yeye."

Akatoka kidogo, kwenda kugombana na mwenye turubai lenye matobo.

Mara simu za uani zikalia. Maimuna kafungua ludo ya mtandaoni, ile wanayocheza watatu tangu wamalize shule, wanasikiana sauti, wanarushiana nyanya za picha usoni.

"Mashoga zangu, nimewekwa humu kama gunia la stoo. Tucheze mara moja tu. Kesho nina mume, sijui kama anapenda simu inayocheka."

Nani angekataa? Wakacheza. Maimuna akarusha dadu kwa kugusa kioo cha simu kwa pua, maana mikono imefungwa. Hidaya akaliwa kete, akacheka mpaka kanga ikamdondoka. Mwajabu akapigwa nyanya, akajibu kwa ndala. Ukuta ulikuwa katikati yao, lakini ungesema wamelala mkeka mmoja.

Bi Sikudhani akarudi. Akafunua. Chini makaa, katikati makaa, juu nyama ya rangi ya tairi. Na ngoma ya wakwe imeshakata kona.

Hakupiga kelele, na hapo ndipo walipoogopa.

"Mbuzi wawili wamechinjwa," akasema. "Mchele nimeuchambua mpaka macho yamevimba. Sasa mmoja wenu atasimama mlangoni, awaambie watu wa Mtwara kwamba yeye ndiye aliyewapikia masizi. Na jina hilo atakufa nalo."

Hidaya akawaka. Moto aliuacha, kweli, lakini aliitwa. Aliyeita asimame.

Maimuna akajibu nyuma ya pazia, pua imemvimba: "Niliita watu, sikuita moto. Kutoka huku ningenusa vipi? Mwenye kazi ya pua yuko huko."

Wakamgeukia Mwajabu. Mwajabu akatazama ndala zake.

"Nilisikia harufu," akasema. "Mapema. Kete yangu ilibakiza hatua moja kuingia nyumbani, nikajiambia ni jiko la jirani."

Hidaya akamvulia kiatu. Mwajabu naye akapandisha sauti:

"Lakini mama, hata baadaye nilitaka kuchungulia. Nani aliapa kunifunua mimi? Na nani alitoka kidogo, akagombana mpaka mwenye turubai akalia?"

Bi Sikudhani akakirudisha kifuniko juu ya sufuria.

Ngoma ikanyamaza kizingitini. Sauti ya mama mkwe ikapita tunduni, tamu kama halua: "Hodi jamani, tumetoka mbali na matumbo matupu."

Wanne wakatazamana, Maimuna akichungulia pembeni ya pazia, wanne wamevimba, wala hakuna aliyeinua mguu.

Haya, ninyi mliokaa kitako mnanicheka, mlango unagongwa. Mwenye hina, mwenye moto, mwenye pua, au mwenye amri: je, nani akafungue?