Mbuni Alipopima Uwanja wa Kiboko

Nitoe nisitoe?
— Toa!
Nikitoa, mtaipokea?
— Tutaipokea!
Na ikiwachoma?
— Ituchome!

Haya, mmesema wenyewe, msije mkaninunia baadaye. Na wewe Bi Zaituni, weka kando hizo kunde, utazichambua nikimaliza. Ngano haitaki mikono yenye kazi.

Hapo kale, wala si kale sana, palikuwa na Kiboko. Tumbo lile, domo lile, shingo hana. Kando ya bwawa lake alijenga bustani ya michezo, akaiita Raha Tupu. Ndani mlikuwa na bembea za kamba. Mlikuwa na gurudumu kubwa la kupanda, punda analizungusha, kri-kri-kri. Na mlikuwa na mtelezo wa matope: unakaa juu, unajiachia, sururuuu! Unaingia bwawani, chubwi! Nisimdhulumu Kiboko, ile bustani ilikuwa nzuri.

Wageni wake walikuwa ndege wakubwa wa mbali, korongo na mwari na heroe. Kwao baridi ikianza, wao njiani. Sasa mwari, kama hujamwona akitua, ni mzigo kamili, hatui popote tu. Anataka pa kukimbilia. Basi wote walikuwa wakitua kwenye uwanda wa Nyati, uwanja wa wote, kisha wanatembea asubuhi nzima hadi Raha Tupu. Njiani wanyama wadogo wanawapokea. Huyu anawapa maji, yule matunda, mwingine anawabebea mizigo. Mgeni akifika kwa Kiboko keshashiba, keshacheka, keshajua nani kazaa na nani anaumwa.

Hilo likamkera Kiboko. "Wageni wangu wanashibia njiani! Wananifikia mimi hawana njaa!"

Akaitisha baraza. Akasema, "Bustani kubwa kama yangu lazima iwe na uwanja wake wa ndege."

Nyati akasema, "Mzee, uwanja upo. Kutembea asubuhi moja hakujamwua mgeni."

Kobe akasema, "Mimi natoka kwangu hadi hapa siku tatu, na sijalalamika."

Tumbili akaruka juu. "Ujengwe! Ujengwe! Tutapata kazi!"

"Kazi gani?" akaulizwa.

"Ya kupunga bendera."

Wakacheka. Kiboko akapiga mwayo, aaauuuh! Mnalijua domo la Kiboko likifunguka. Kicheko kikafa, baraza likakubali.

"Utajengwa nje ya lango langu," Kiboko akasema. "Vichuguu vyote vya pale visawazishwe."

Hapo kuna mtu masikio yalimsimama. Nguchiro. Mnyama mdogo, mkia mrefu, miguu mifupi, akili nyingi. Nguchiro hakai kwenye mti wala hajengi nyumba, anakaa ndani ya kichuguu cha mchwa, na kichuguu chake kilikuwa palepale nje ya lango. Mashimo saba, ukoo mzima. Mlikuwa na binti yake, Kidawa. Mlikuwa na mama yake, kikongwe, macho yote mawili yamezima. Mama yule alikijua kichuguu kwa vidole: hapa pa kulala, hapa pa kutokea, hapa pana jiwe, angalia usijikwae. Kikivunjwa, mama kipofu akajifunze wapi tena?

Nguchiro akawaza. Akapata. Akaenda kwa Kiboko.

"Hodi, Mzee."

"Karibu. Umekuja kunililia?"

"Nimekuja kukupongeza. Ila nina swali. Uwanja ukiwa nje ya lango, mgeni atashukia wapi?"

"Nje ya lango."

"Na nje ya lango tunakaa nani?"

"Nyinyi."

"Basi atashukia kwetu. Na mila unaijua, Mzee: anayempokea mgeni mzigo ndiye mwenyeji wake. Mgeni akishatua, mzigo tumeupokea sisi. Atakula kwetu, atalala kwetu. Kwako atakuja kusalimia tu."

Kiboko akafumba domo. Akafumbua. "Uwe ndani! Uwanja uwe ndani ya ua wangu!"

"Umesema wewe, Mzee. Na upimwe na nani? Shomoro yuko tayari."

"Shomoro! Uwanja wangu ukapimwe na shomoro? Niletee ndege mkubwa kuliko wote!"

"Kuliko wote, Mzee?"

"Kuliko wote!"

"Haya."

Mjue kwamba Kiboko ni mtu wa maji. Mchana kutwa yumo bwawani, juu kumebaki matundu ya pua. Mambo ya nchi kavu anayasikia kwa watu. Ndege mkubwa kuliko wote hajawahi kumwona, na habari zake hazijui.

Nguchiro akashika njia hadi kwa Mbuni. Akamkuta amesimama peke yake, macho yake makubwa yanatazama ndege wengine wanapita juu.

"Kaka Mbuni, mbona wewe huruki?"

Mbuni akainamisha shingo. "Siwezi. Mbawa ninazo, lakini siwezi. Wenzangu wananicheka."

"Nani alikuambia huwezi? Umewahi kupewa uwanja?"

"Uwanja?"

"Mwari ni mdogo kwako na anataka uwanja. Wewe ni mara kumi yake! Hukukosa mbawa, kaka yangu. Umekosa uwanja."

Mbuni akazitazama mbawa zake. Machozi yakamlengalenga.

"Kumbe," akasema. "Kumbe ni hilo tu."

Mimi kila nikifika hapa natamani kuiacha hii ngano. Lakini nimeshaanza, na nyinyi mmenikodolea macho.

Kazi ikaanza. Uwanja ukasafishwa kutoka langoni hadi kwenye bembea. Mbuni akaja. Akanyoosha shingo, akafungua mbawa, akakimbia. Pu-pu-pu-pu-pu! Vumbi tu! Akafika kwenye bembea, akajizuia, kreee!

"Vipi?" Kiboko akauliza.

Mbuni anahema. "Mzuri, Mzee. Ila mfupi. Nilikuwa karibu kupaa."

"Niuongeze upande wa lango?"

Nguchiro akadakia, "Nje ya lango kuna wapokea mizigo, Mzee."

"Basi ng'oa bembea!"

Wakang'oa bembea. Ng'we! Ng'we! Ng'we! Sasa zile bembea, wageni wakishaondoka, Kiboko alikuwa akiwaachia watoto wa nje ya lango siku moja wabembee bure. Ilikuwa siku yao. Kidawa akaziona zinaburutwa.

"Baba, bembea zinakwenda wapi?"

"Zinapisha uwanja."

"Zitarudi?"

Nguchiro akajifanya anakuna sikio.

Mbuni akakimbia tena. Pu-pu-pu-pu-pu! Akafika kwenye gurudumu, kreee!

"Vipi?"

"Mzuri, Mzee. Ila mfupi. Nilikuwa karibu kupaa."

"Ng'oa gurudumu!"

Wakang'oa gurudumu. Ng'we! Ng'we! Ng'we! Punda aliyekuwa akilizungusha akabaki anazunguka mwenyewe palepale, hajui afanye nini tena.

Mbuni akakimbia tena. Pu-pu-pu-pu-pu! Akafika kwenye mtelezo, kreee!

"Vipi?"

"Mzuri, Mzee. Ila mfupi. Safari hii, wallahi, mguu mmoja ulishanyanyuka!"

Kiboko akautazama mtelezo. Aliujenga kwa tumbo lake mwenyewe, kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, mpaka matope yakashika. Akamvuta Nguchiro pembeni. Domo lile lote likanong'ona.

"Nguchiro, mdogo wangu. Mimi mambo ya juu siyajui. Niambie kweli. Huyu ndege anapaa?"

Nguchiro akamtazama. Akatazama nyuma, pale bembea zilipokuwa. Neno moja tu lilitakiwa, "hapai," na mtelezo ungebaki, na bwawa lingebaki. Lakini Kiboko angegeuka, na akigeuka angetoka nje ya lango, na nje ya lango kuna kichuguu, na ndani ya kichuguu mama kipofu anapapasa ukuta.

Nguchiro akasema, "Bado kidogo tu, Mzee."

"Ng'oa mtelezo!" Kiboko akasema, lakini sauti haikuwa ile.

Wakang'oa mtelezo. Mnajua kilichobaki. Bwawa. Mbuni akakimbia, pu-pu-pu-pu-pu, akafika ukingoni, kreee! Mzuri, Mzee, ila mfupi. Safari hii Kiboko hakusema ng'oa. Alitikisa kichwa tu, wakalifukia. Fu. Fu. Fu. Mpaka kelele za vyura zikakoma.

Msimu ukafika. Korongo wakaja, mwari wakaja, heroe wakaja, wakazunguka juu. Tumbili chini anapunga bendera mpaka mkono unamuuma. Korongo mzee akaita kutoka juu, "Mzee Kiboko! Raha Tupu iko wapi?"

"Ndiyo hii! Tueni! Uwanja ni wenu, hamtembei hata hatua moja!"

"Uwanja tunauona. Tunauliza bustani."

Kiboko akatazama huku, akatazama kule. Kutoka ua hadi ua, uwanja. Umenyooka, umesafishwa, hauna hata jani. Wageni wakazunguka mara moja tena, wakaenda zao. Hawakurudi, mwaka ule wala mwaka uliofuata. Na kwa kuwa hawakurudi, hata ile njia ya kwa Nyati ikaota nyasi. Wa maji hakuwa na wa kumpa maji, na wa matunda alikula matunda yake mwenyewe. Wadogo wakabaki wanatazamana.

Kiboko ngozi ikaanza kupasuka kwa jua. Siku moja akatoka langoni na mkeka wake kichwani, anatafuta mto. Kwetu mtu akiondoka husindikizwa, hata kama ni mbaya wako, hata hatua saba tu. Nguchiro alimwona akipita mbele ya kichuguu. Akataka kunyanyuka. Hakunyanyuka. Kiboko akaenda peke yake, tingi, tingi, tingi, mpaka akapotea.

Kichuguu kikabaki. Mashimo saba, yote mazima. Mama akawa anapapasa kuta zake na kusema, "Mwanangu una akili." Na kila akisema hivyo, Nguchiro anatoka nje.

Na huko nje anamkuta nani? Mbuni. Kila asubuhi. Hakuna aliyemtuma tena, hakuna anayemuuliza vipi. Anasimama kule mwisho, ananyoosha shingo, anafungua mbawa. Pu-pu-pu-pu-pu! Anafika kwenye ua, kreee! Anarudi, anaanza tena.

Asubuhi moja akasimama mbele ya Nguchiro, anahema.

"Kaka, nimejua kilichobaki," Mbuni akasema. "Nikipita langoni nikaendelea na uwanda, nitapaa. Nimepima kwa macho. Kuna kitu kimoja tu njiani."

Nguchiro akajua. "Kitu gani?"

"Kichuguu chako." Mbuni akacheka kwa aibu. "Usiogope. Nyumba ya mtu haing'olewi. Wewe ndiye pekee hukunicheka. Nitajaribu hivihivi tu, na ufupi wake."

Akageuka, akaenda kule mwisho. Nguchiro akafungua mdomo.

Ndiyo, Bi Zaituni? Unauliza alimwambia? Najua unachotaka, unataka nikuambie kwamba alimkimbilia, akamwambia, "Kaka, nilikudanganya, wewe ni wa kukimbia tu, na hakuna anayekimbia kama wewe." Hata mimi ningependa. Nimeitoa ngano hii mara nyingi, na kila mara namsubiri aseme.

Alifungua mdomo. Kisha akasikia kule ndani mama yake anapapasa ukuta, anahesabu mashimo. Akaufunga.

Pu-pu-pu-pu-pu. Kreee.

Sasa funzo, maana ngano isiyo na funzo mtasema nimewaibia. Funzo ni hili: ukiwa na bustani, ijengee uwanja wake wa ndege upesi, wageni wasichoke miguu. Na mdogo akimshinda mkubwa, na afurahi, ale, alale usingizi, asitoke nje asubuhi.

Nimetoa, nimemaliza. Iliyo tamu chukueni mkalale nayo, iliyo chungu niachieni mimi. Haya, Bi Zaituni, shika kunde zako.