Yai la Hakimu Tembo

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama nao walipokuwa na vituo vya polisi na mahakama zao, palikuwa na Ngiri aliyeishi kando ya mto na mkewe na watoto wao. Kazi yake kuchimba mizizi, chakula chake mizizi. Hata akialikwa harusini alibeba mizizi yake mwenyewe. Nyama hakuionja, samaki hakumgusa. Nawaambia hili mapema ili mjue kwa nini nasimulia kwa hasira.

Siku moja kapu la samaki wakavu, akiba ya kijiji kizima, likatoweka ghalani. Na walinzi wa ghala walikuwa nani? Askari Fisi!

Wanyama wakaja juu. "Samaki wetu wako wapi?"

Mkuu wa kituo, Afande Fisi, akatoka nje huku tumbo limemtangulia. Akajipangusa mdomo, akasema, "Tulieni! Mwizi atapatikana leo leo."

Kweli akapatikana. Ngiri alikuwa anapita zake, jembe begani, wakamdaka.

"Nimefanya nini, afande?"

"Utatuambia wewe mwenyewe!"

Wakamwingiza ndani. Puu! Paa! Puu! Majirani walisikia mchana kutwa. Wakasikia na jino lake refu likivunjika, kacha! Jua lilipoinama, Ngiri akasema kwa sauti ndogo, "Basi, basi. Nimekula mimi."

Akapelekwa kwa Hakimu Tembo. Hakimu huyu alikuwa mama mkubwa kama nyumba, na swali lake lilikuwa moja tu.

"Amekiri?"

"Amekiri, mheshimiwa."

"Afungwe mpaka samaki warudi."

Samaki waliokwisha kuliwa watarudije, wanangu? Hicho ni kifungo cha maisha, ila hakimu hakutaka kukitaja kwa jina lake.

Sasa, kule kwenye majabali aliishi Bi Pimbi. Mwili wake unaenea kwenye kofia, lakini akianza kudai haki ya mtu, hata simba hujifanya ana safari. Mke wa Ngiri alimwendea akilia, na Bi Pimbi hakungoja amalize. Akateremka mbio hadi mahakamani.

"Mheshimiwa, Ngiri hali samaki! Nchi nzima inajua."

"Alikiri."

"Alipigwa!"

"Na nani?"

"Na askari."

Hakimu akamgeukia Afande Fisi. "Mlimpiga?"

"Hatukumpiga, mheshimiwa. Alianguka."

"Umesikia, Bi Pimbi? Alianguka. Nenda kwako."

Bi Pimbi akatoka kwa hasira. "Kumbe akikiri mtu, hata likiwa jambo lisilowezekana, huyu mama anaamini," akasema. "Haya. Nitampa lisilowezekana!"

Akachukua mizizi, akaenda gerezani kama mtu aliyemletea ndugu yake chakula. Gereza lenyewe lilikuwa selo ya pale kituoni kwa Fisi, na mfungwa alikuwa mmoja tu, Ngiri. Akamnong'oneza kupitia kwenye nondo:

"Shemeji, kesho watakuuliza kama umeiba. Wakishafungua mdomo tu, kubali."

Ngiri akarudi nyuma. "Nikubali tena? Nilikubali mara ya kwanza, ndiyo maana niko humu!"

"Najua."

"Hujui! Hujapigwa wewe!"

Bi Pimbi akasogea karibu na nondo. Kisha akasema, "Kweli, sijapigwa. Na sitaki upigwe tena hata kofi moja. Kubali kabla hawajanyanyua rungu. Wakikuuliza umefichaje, sema ndiyo. Wakikuuliza umekulaje, sema ndiyo. Mengine niachie mimi."

Ngiri akaipokea mizizi. "Nakuamini kwa sababu sina mwingine," akasema.

Kutoka hapo Bi Pimbi akapita nyumba kwa nyumba. "Kesho asubuhi mtu asitoke! Fisi watakuwa wanatafuta wa kumkamata. Mkisikia ngoma ya mahakama, hapo njooni wote."

Kesho yake, kweupe, akaingia kituoni akipiga yowe. "Uwiii! Uwiii! Afande, tumekwisha! Yai la Hakimu Tembo limeibiwa jana!"

Afande Fisi akaruka kitini. "Yai la hakimu?"

"Alilolitaga mwenyewe! Kubwa kama mtungi, jeupe pepepe!"

Askari mmoja akakuna kichwa. "Afande, hivi tembo hutaga?"

"Kelele! Kazi yetu si kuuliza maswali, kazi yetu ni kupata mwizi! Tukimpata leo, hakimu atatupenda milele. Hii-hii-hii!"

Wakatimka, tifu tifu tifu, vumbi juu. Milango imefungwa! Kisimani hakuna mtu, sokoni hakuna mtu. Wakarudi ndimi nje.

"Sasa tutamkamata nani?" askari akauliza.

Afande Fisi akatazama kwenye selo. Akacheka. "Tunaye tayari! Wewe Ngiri, umeiba yai la..."

"Ndiyo, afande."

"Hata sijamaliza!"

"Nimeiba mimi, afande."

"Mnaona? Huyu sasa ameiva!"

Ti! Ti! Ti! Ngoma ya mahakama ikalia. Milango yote ikafunguka, wanyama wakafurika. Afande Fisi akaingia kifua mbele, akimburuta Ngiri, na mkononi ana kikapu.

"Mheshimiwa, tumemkamata mwizi wa yai lako!"

Hakimu Tembo akasimamisha masikio. "Yai langu?"

"Ulilolitaga! Amekiri kila kitu. Na ushahidi huu hapa, maganda tuliyoyakuta kwake."

Akamwaga kikapu. Vikaanguka vigae vya chungu vilivyopakwa chokaa, na chokaa yenyewe bado mbichi.

Bi Pimbi akarukia meza. "Afande, yai liliibiwa lini?"

"Jana."

"Na Ngiri jana alikuwa wapi?"

"Gerezani. Alitoroka, akaiba, akarudi."

"Alirudi kufanya nini?"

"Eh... kula uji."

Mahakama ikalipuka! Nyani alianguka chini kwa kicheko. Lakini Bi Pimbi hakucheka.

"Mheshimiwa, mbele ya watu wote hawa, wewe hutaga mayai?"

Hakimu akainamisha mkonga. "Sitagi."

"Basi umeletewa mwizi wa kitu ambacho hakijawahi kuwapo. Amekiri, na ushahidi upo! Nilipeleka uongo kituoni asubuhi, umerudi hapa umekuwa kesi. Ndivyo walivyomfunga huyu!"

Hakimu akakohoa. "Kesi ya yai naifuta. Ile ya samaki inabaki, kwa kuwa alikiri."

Lo! Yaani hata baada ya aibu yote ile! Wanyama wakapiga miguu chini, ukumbi ukatikisika.

"Mdomo uliokiri yai ndio uliokiri samaki!" Bi Pimbi akapaza sauti. "Askari ni walewale! Muulize mwenyewe. Tangu umfunge, umewahi kumuuliza?"

Hakimu akamgeukia Ngiri taratibu. "Ulikula samaki?"

"Mimi hula mizizi, mheshimiwa," Ngiri akasema, machozi yakimshuka mahali lilipokuwa jino lake. "Nilikuwa nangoja uniulize."

Hapo hakimu akakosa pa kuweka uso. "Mfungueni," akasema.

Wanyama wakawageukia Fisi. "Wapigwe! Wapigwe mpaka wakiri!"

"Hapana!" Bi Pimbi akasimama mbele yao, mdogo vile, mikono ameitanua. "Asiguswe hata mmoja! Waulizwe hapa hapa, mchana, kila mtu akisikia."

Wakaulizwa. Afande Fisi akakana mpaka povu likamtoka. Lakini yule askari aliyekuna kichwa akamtazama Ngiri, akatazama chini.

"Samaki tulikula sisi," akasema. "Na hakuanguka. Tulimpiga, na mimi nilimshika miguu."

Fisi wote wakavuliwa kofia za askari na kuingizwa selo wangoje kesi yao, na Hakimu Tembo akashuka kwenye kiti kile asikikalie tena. Mke wa Ngiri akampokea mumewe mlangoni, akampangusa vumbi kwa kanga yake. Mtoto wao wa mwisho hakumtambua baba yake asiye na jino lile refu, akajificha nyuma ya mama. Ngiri akachuchumaa chini, akamngoja.

Shikeni hili, wanangu: anayepigwa mpaka akubali hajakiri kosa, amesema tu kwamba anaumia.