Ugali wa Kwanza wa Bi Kalunde

Bi Kalunde alikuwa mjane mwenye watoto watatu na shamba moja la bondeni. Marehemu mumewe aliusia: "Shamba hili lisikatwe vipande. Apewe atakayeiokoa nyumba mwaka wa njaa." Mwaka huo ukafika.

Limi, binti mkubwa, alijua kutunza mbegu. Alining'iniza mahindi juu ya mafiga, yakapigwa moshi hadi yakawa meusi. Wadudu walimaliza mbegu za kijiji kizima, zake hawakuzigusa. Wanawe walipolilia uji, alisimama mbele ya jiko akasema, "Hizi si chakula. Atakayezigusa nitamvunja mkono."

Nkwabi, wa pili, alijua mvua. Alipanda kwenye vumbi, jua likiwaka, majirani wakicheka: "Shemeji, unapanda au unazika?" Siku ya nne mvua ikaja. Ilinyesha siku tisa, ikakata mwezi mzima. Waliosubiri udongo ulowane waliambulia majani.

Mihayo, kitindamimba, hakujua lolote ila kutoona kinyaa. Viwavi walipojaa ndani ya mahindi machanga, Limi alitapika, Nkwabi akatoka shambani mbio. Mihayo aliwachomoa mmoja mmoja, akawaponda kwa vidole, kutwa, wiki tatu. Uvundo ukamganda.

Wakavuna magunia kumi na moja. Ugali wa kwanza ukaiva.

Limi akavuta sinia. "Mihayo, kula kando. Unanuka."

"Na shamba ni langu," Nkwabi akasema. "Bila mimi angeponda viwavi wa wapi? Wa hewani?"

"Na wewe ungepanda nini, kaka? Kokoto?" Limi akadakia.

Mihayo alitumbukiza vidole vyote vitano kwenye mboga, akavikoroga taratibu, akacheka. "Haya, kuleni sasa."

Bi Kalunde aliacha kutafuna tonge. Wiki tatu alikuwa amemfulia Mihayo nguo bila kugeuza uso. Sasa aligeuza.

"Mnanitia kichefuchefu," alisema. "Nyote. Mlipokuwa na njaa mlikuwa watu."

Alitema tonge, akatoka uani. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Kesho lazima mtu ashike jembe bondeni, na bila yeye kutamka jina la mwenye shamba, hakuna atakayelishika; msimu utapita.

Mbegu ya Limi, siku ya Nkwabi, vidole vya Mihayo: ondoa kimoja, nyumba ingekufa. Je, wewe unayesikiliza, ungekuwa mama yao, jina lipi lingekutoka mdomoni?