Mkono Mzima Ufungwe

Ndugu zangu, alikuwapo mwanamke mmoja, mtaalamu wa tiba ya viungo. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu waliopata kiharusi kushika tena kijiko, kufunga tena kifungo. Kutwa nzima alibeba uzito wa watu wengine, na jioni mgongo wake mwenyewe ulitafuta wa kuushika.

Alitamani kusoma shahada ya uzamivu katika sayansi ya utengamao, ile ya kurudisha viungo kazini, apate kujua kwa nini mikono mingine huamka na mingine hulala moja kwa moja. Aliomba, akakataliwa. Akaomba tena, akakataliwa tena. Chuo kilimwambia neno lile lile: lete barua ya mwalimu aliyekusimamia shahada ya pili.

Na mwalimu huyo ndiye ambaye mwanamke huyu alimjibu vibaya mbele ya wanafunzi wenzake, miaka mingi nyuma, akaondoka na asirudi kusema samahani.

Basi mahali pa barua akapeleka vyeti. Akasoma kozi, akaongeza nyingine. Maelezo yake akayaandika, akayafuta, akayapamba upya. Alichoka, jamani. Mnaujua uchovu wa mtu anayezunguka nyumba akitafuta dirisha, na mlango anauona?

Asubuhi moja alikuwa na mgonjwa wake, mzee fundi cherehani, mkono wa kushoto umelegea. Mwanamke akachukua kitambaa, akaufunga ule wa kulia, ule mzima. Akamwekea bakuli la maharage na sahani tupu.

"Haya baba, hamisha."

"Daktari, hapa pana haki kweli? Mwenye kosa ni wa kushoto, anafungwa wa kulia."

"Huyu wa kulia ndiye anayemlemaza mwenzake, baba. Anawahi kila kitu. Wa kushoto ataamka lini?"

Akalisikia neno lake mwenyewe, akabaki amesimama, ncha ya kitambaa mkononi.

"Daktari, vipi? Harage langu limeanguka, na wewe unaangalia ukuta."

Mchana ule alipiga simu.

"Shikamoo, mwalimu."

Kisha sauti aliyoifahamu, imezeeka kidogo: "Marahaba."

"Mwalimu, nilikukosea. Naomba unisamehe. Na pia... naomba barua, ya chuo."

Mwalimu akashusha pumzi. "Nimeshakusamehe, na barua nitaandika. Ila niambie, mwanangu. Kama chuo kisingeitaka hiyo barua, hii shikamoo ningeipata?"

Nanyi mngemjibu nini?

Ndugu zangu, sisi nasi tunao mkono mzima. Kwa wengine ni akili, kwa wengine ni kazi, kwa wengine ni ulimi. Tunautumia kwa kila jambo, na ule mwingine, mkono wa kuomba radhi, unaning'inia tu kando yetu. Mpaka ugonjwa utufunge, mpaka shida itufunge, ndipo tunaunyoosha, kwa Mungu na kwa watu, tena tukiwa na ombi tayari kiganjani. Naye Mungu hutupokea hata hivyo. Hutupokea. Lakini je, hachoki kusalimiwa na wenye shida tu?

Leo hakuna aliyekufunga. Simu unayo mfukoni. Na yuko mtu mahali fulani, unamjua, anayengoja shikamoo yako isiyo na barua nyuma yake.